Mitetemo ya Saa Nne

Mashine ilikuwa imenasa mitetemo kumi na minne, na wiki hiyo yote kwari, yale machimbo ya mawe, haikuwa imelipua hata jiwe moja.

Mogaka, fundi wa kupima mitetemo, alichuchumaa mlangoni pa nyumba ya Kipyegon, juu kidogo ya Merigi, kompyuta mapajani, akakuna kidevu. Aliletwa kuona kama baruti za kwari zinaumiza nyumba za watu. Kisanduku chake kilipaswa kukaa nje, kando ya msingi, lakini Kipyegon alikataa, akasema ndama atakilamba kisha akilalie. Basi kikawekwa ndani, kwenye sakafu ya chumba cha mama yake Kipyegon, mfuko wa mchanga juu yake. Nje ya dirisha kilibaki kinasa sauti tu, cha kupima msukumo wa hewa.

"Baruti hutikisa ardhi, halafu hewa inafuata," alimweleza Janeffer, mke wa Kipyegon. "Hii ni ardhi peke yake. Hewa imetulia kabisa. Dada, kuna mtu anatembea humo ndani."

Janeffer, mtoto mgongoni, alimwambia hilo haliwezekani. Humo ndani hukaa mama mkwe wake, Cherotich, na Cherotich hajasimama tangu Agosti.

Habari ya Agosti kila mtu aliijua. Kwari ililipua, vikombe vikacheza kabatini, na Cherotich, ambaye aliwashinda wasichana kwa kuchuma chai, akakaa chini akasema miguu imekufa. Tangu siku hiyo alimtaka Janeffer kando yake kutwa, hata Kipyegon akalazimika kutafuta mtu mwingine wa kuchuma chai badala ya mkewe. Janeffer ndiye aliyembeba mgonjwa hadi choo, akamkanda kwa samli, na kwa vile Cherotich alidai kimya kinamzidishia maumivu, akamsomea kwa sauti chochote kilichokuwa karibu. Kilichokuwa karibu ni vitabu vya Kidato cha Nne. Kufikia Oktoba, Cherotich alijua habari za ngano ya Kanada kuliko za mahindi yake mwenyewe.

Vitabu hivyo ndivyo vilikuwa roho ya Janeffer. Aliacha shule alipopata mimba, na sasa alikuwa amejiandikisha kufanya mtihani wa mwisho. Pepa ya kwanza ilikuwa Jumatatu. Kipyegon alikubali kwa sharti moja: kazi ya nyumbani isilale hata siku moja.

Na jana mama mkwe alikuwa amevuruga kila kitu. Alimwambia mwanawe kwamba anataka miguu ikatazamwe katika dispensari ya Merigi, ile inayopakana na shule ya sekondari. Apelekwe na Janeffer, si mtu mwingine, na Janeffer amngoje huko mpaka jioni. Halafu akataja tarehe, moja baada ya nyingine, bila kusita. Kipyegon, ambaye humwogopa mama yake kuliko radi, akaitikia zote. Zote zilikuwa tarehe za mtihani. Ungedhani shetani ndiye aliyezichagua. Janeffer akaenda kulilia zizini, maana mkamwana hambishii mama mkwe.

Sasa Mogaka alimgeuzia kompyuta. Mitetemo yote ilitokea kati ya saa nne na saa nne na nusu asubuhi, muda ambao Janeffer hupeleka maziwa kwa wanunuzi barabarani. Hatua nane, kimya, hatua nane tena. Siku saba mfululizo.

Janeffer alinong'ona kwamba ni mwizi, au ni mzimu. Mogaka akasema mzimu hauna uzito, na huyu alikuwa na kilo kama sabini hivi.

Janeffer alimwomba asimwambie Kipyegon. Akisikia kuna mtu anaingia kwa mama yake, hata maziwa hatamruhusu kupeleka tena, sembuse mtihani. Saa nne ilikuwa inakaribia. Akachukua kopo la maziwa, akaaga kwa sauti kama kawaida, akaenda hadi langoni, kisha akazunguka nyuma ya jiko. Mogaka alimfuata kwa kunyata. Wakachungulia dirishani.

Chumbani hakukuwa na mwizi. Cherotich alijifunua blanketi, akasimama. Akajinyoosha mpaka mgongo ukalia, akavuka chumba kwa hatua nane nzuri, za mtu aliyezoea kupanda milima.

Janeffer alikumbuka safari zote za choo, mvua ikinyesha, yule mama mgongoni na mtoto kifuani. Adabu ikamtoka. Akazunguka, akasukuma mlango bila hodi.

"Mama. Unatembea."

Cherotich hakushtuka. Alikuwa amesimama mbele ya kalenda ya kanisa, kidole kwenye karatasi ambayo Janeffer aliibandika chini yake: ratiba ya mtihani.

"Funga mlango," alisema. "Na hii ya tarehe tisa, ni asubuhi ama mchana? Wameandika kama mayai ya chawa."

Dirishani Mogaka alikohoa, akauliza kwa heshima yeye aandike nini kwenye ripoti. Cherotich akamwambia aandike ndama.

Janeffer bado alikuwa amesimama palepale, kopo mkononi. Mama mkwe alirudi kitandani kwa hatua zake nane, akavuta blanketi hadi kifuani, akaanza kukunja uso wa maumivu.

"Nikipona leo, kesho Kipyegon anakurudisha kwa chai," alisema. "Miguu yangu itapona tarehe ishirini, ukishaweka kalamu chini."