Kanisa la Gathogo

Virginia Wahu alitema mate chini, kisha akalinyooshea kanisa jipya kidole. "Hii ni nyumba ya Mungu ama ni ghala ya mahindi?"

Wanachama wa kampuni ya kununua mashamba, waliojaa uwanjani, wakaangua kicheko. Wahu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, na kwa ulimi wa kuchoma hakuna aliyemfikia. Walipolinunua shamba la mzungu huku Kaptagat, walitaka kanisa kama la watu wengine: refu, la mabati, lenye madirisha makubwa. Badala yake msanifu wao wa majengo, Gathogo, aliwasimamishia jitu la mawe lenye vidirisha vyembamba kama macho ya mtu mwenye usingizi, na katikati ya paa mnara wa mviringo uliovalishwa kofia iliyochongoka.

Kamati ilikuwa imepitisha ramani bila kuielewa. Hilo Wahu hakulitaja.

Gathogo naye hakuwa mtu wa kupendeka. Alisomea Georgia, huko upande wa Warusi, na tangu arudi alikuwa amechora majumba kadhaa mjini Eldoret huku akiwadharau wenyewe waliomlipa.

"Mama Mwenyekiti, nyinyi mnajua kununua mashamba," alisema, mikono mfukoni. "Kujenga hamjui. Mimi nimezunguka milima ya Georgia nikipima na kuchora makanisa ya kale kabla hayajapotea. Hili nimelitoa huko."

"Huko wapi? Nani ameona?"

Wahu alikuwa amejipanga. Alisikia kwamba kati ya madaktari wa Kirusi walioko Kisumu yuko mama mmoja mzaliwa wa Georgia, akatuma gari limlete. Daktari akishasema Gathogo ni mwongo, kura ingepigwa papo hapo: kanisa libomolewe, na Gathogo asipewe tena kazi Uasin Gishu nzima.

Gari lilifika watu wakiwa bado wanacheka. Daktari Eteri, mama wa makamo mwenye mvi za kuhesabika, alishuka, akainua macho, akasimama kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya.

Wahu hakumpa nafasi ya kupumua. "Daktari, sema ukweli mbele ya watu. Kwenu Georgia kuna kanisa kama hii?"

"Hapana," akajibu kwa Kiswahili cha kubabaisha. "Hakuna."

Uwanja ulilipuka. Wengine walipiga miluzi, wengine wakaimba, "Mwongo! Mwongo!" Wahu alimgeukia Gathogo, uso ukimng'aa. "Umesikia, Bwana Georgia? Ulitufanya wajinga, sasa utabomoa na mikono yako."

Dharau yote ilikuwa imemtoka Gathogo usoni. Alikuwa akimtazama daktari, ambaye tayari alishaanza kutembea.

Hakuuliza mlango uko wapi. Alizunguka nyuma, mpaka kwenye kijilango kifupi ambacho hata wanakamati hawakukijua, akainama, akaingia. Wahu alimfuata mbio ili amshukuru, umati nyuma yake.

Walimkuta amepiga magoti sakafuni, kiganja kimeegemea ukuta.

"Hakuna tena," alisema. "Serikali ilijenga bwawa, kijiji chetu chote kikaenda chini ya maji. Mimi nilibatizwa humu ndani."