Nafasi ya Pili

Katika mji wetu huku Ohio, kila kibao cha umma kina nafasi ya lugha mbili tu. Ya kwanza ni Kiingereza. Ya pili hupiganiwa kila Aprili katika ukumbi wa michezo wa shule, mtu kwa mtu, mikono mitupu, mpaka mmoja ashindwe kuinuka.

Mwaka huu sisi Wakongo tulimtoa mume wangu, Byamungu, akipiganie Kiswahili. Wanepali walimtoa Tilak, jirani yetu, aliyetuazima koleo la theluji kipupwe kizima.

Byamungu alimvunja taya, kisha mbavu. Tilak alipoanguka, mume wangu alitutazama. Tukapaza sauti, "Mmalize." Mimi nilipaza kuliko wote, maana mwaka jana mama yangu alizunguka hospitalini kutwa nzima akitapika damu, asijue aingie mlango upi. Byamungu akamkanyaga Tilak shingoni.

Kufikia alasiri vibao vya hospitali vilikuwa vimeshabadilishwa. Nilimpeleka mume wangu kushonwa vidole. Kwenye ujia tukamkuta Ganga, mke wa Tilak, amesimama mbele ya mlango, ameshika viatu vya mumewe kwenye mfuko. Kiingereza anakisema kidogo, kukisoma hajui.

"Dada, wameniambia yuko humu," alisema. "Ndimo wanamomtibu?"

Kibao kilikuwa bado kinanuka gundi. CHUMBA CHA MAITI.

Byamungu alificha mikono nyuma. Ganga akanishika mkono, taratibu, kama mtu anayeomba maji.

"Nisomee, dada. Si ni lugha yenu sasa?"