Kumsuuza Shomari

Siku hizi mtu akifa, picha zake zote hufutika kwenye simu za watu, ndiyo sheria. Kwa hiyo Bi Mwantumu alimpiga mwanawe Shomari picha kwa kamera ya zamani ya filamu kabla hajapelekwa hospitali. Sasa mama huyo yuko bafuni na mkwewe Tausi, anausuuza ule mkanda wa filamu ndani ya kopo ili kuutoa dawa ya kusafishia picha. Anajaza maji, analipindua kopo taratibu, anamwaga, anajaza tena.

"Mama, hata mchele wa pilau huuoshi hivi!" Tausi alimtania.

"Mchele ukiwa na mchanga utautema, mwanangu. Hii dawa ikibaki humu, itamla mumeo uso kidogo kidogo mpaka aishe."

Tausi akatoa simu amwoneshe picha ya harusi, jinsi Shomari alivyokunja uso kwa kubanwa na viatu. Pichani alisimama bibi harusi peke yake, mkono wake umeshika hewa.

"Mama, hospitali hawajapiga," alisema kwa sauti ndogo. "Mbona hawajapiga?"

Bi Mwantumu aliitazama simu. Akamwaga maji, akajaza mengine.

"Njoo ulishike kopo nawe," alisema. "Pindua polepole. Bado hajatakata."