Sikio la Fundi

Mkono wa mkewe ulipanda tena, sindano ikiwa katikati ya vidole, na Tetemeko akajua kibao cha sita kimekufa. Punde besi ikashuka, palepale alipoonyeshwa. Akakifuta.

Ndivyo walivyoishi wiki nzima katika chumba kimoja, cherehani ya mke upande huu, kompyuta na spika mbili kubwa za mume upande ule. Tetemeko alitengeneza muziki wa dansi wa kompyuta, ule ambao ngoma hupanda na kupanda, zikakatika ghafla, watu wakashika pumzi, halafu besi ikashuka na kila mtu akaruka. Ujanja wote umo katika ule ukimya. Na Jumapili iliyopita wachezaji walimvua nguo hadharani: ngoma zilipokatika, ukumbi mzima ulinyoosha vidole na kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, na kwenye nne besi ikaja kama mtoto aliyeitwa kula. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Mwenye ukumbi hakucheka. Alisema watu hawalipi kiingilio kuja kusikia wanachokijua tayari, na wakihesabu tena Jumapili ijayo, Tetemeko atafute pengine pa kupigia. Pengine hapakuwapo, na wote wawili walilijua hilo.

Ndipo alipomgeukia mkewe. Kila alipomaliza kibao alimgusa bega ili asimamishe cherehani, kisha akasimama mbele yake na kubonyeza. Sharti, alilompa usiku spika zikiwa zimezimwa, lilikuwa moja tu: ukijua besi inakaribia, nyoosha mkono. Alidhani atabahatisha, lakini yule mama hakukosea hata mara moja. Alimtazama mumewe juu ya miwani kama anayempimia koti, na mkono ukapanda kabla ya besi, kibao baada ya kibao. Alipomuuliza kama kile cha tatu kilikuwa na ladha yoyote, alijibu kwamba chakula bado kidogo. Tetemeko aliona hiyo ni dharau ya mtaalamu, akazidi kumheshimu.

Alianza hata kujisifu naye. "Ninyi masikio yenu ni ya kuvalia hereni," aliwaambia wenzake pale ukumbini. "Sikio liko kwangu."

Kibao cha tisa kilimtisha mwenyewe. Ukimya ulirefuka mpaka ukaanza kuwa aibu, kisha besi ikaingia ikichechemea, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu asingeiweka. Muuza mayai aliyekuwa akipita dirishani alisimama na trei zake mkononi, akaomba kirudiwe. Lakini mkono wa fundi ulikuwa umeshapanda. Tetemeko aliutazama mkono, akalitazama dirisha. Muuza mayai anajua nini? Akakifuta, na kilimuuma hata akaenda kunawa uso.

Kwa kuinamia kompyuta siku zote hizo, Jumamosi aliamka shingo imekaza kama mti. Mkewe, ambaye pia alishona mito, alichota pamba kwenye gunia lake akamtengenezea kola nene, ikambana kutoka kidevuni hadi chini ya mabega.

"Utulie sasa," alimwambia. "Mabega yako hayana adabu."

Kibao alichobonyeza siku hiyo kilikuwa cha kujaribia spika tu, kile ambacho kila anayejifunza hukitengeneza siku ya kwanza na kukionea haya siku ya pili. Ngoma zikapanda, zikakatika, moja, mbili, tatu, nne, besi ikashuka. Mkono wa mkewe ulibaki juu ya kitambaa. Akakirudia, mkono haukupanda. Akakirudia tena, na mkewe akapiga mwayo.

Mfa maji haachi kutapatapa, na Tetemeko alitapatapa kisomi. Alijiambia kwamba watu wa siku hizi wamezoea kutegwa, kila mmoja anangoja ujanja, kwa hiyo ujanja pekee uliobaki ni kutokuwa na ujanja. Masikio yake mwenyewe yalimwambia kibao hicho ni upuuzi. Lakini masikio yake yalikuwa yamepitisha vyote vile vilivyofutwa, basi yaaminiwe kwa lipi?

Jumapili alasiri ukumbi ulianza kuhesabu kabla hata ngoma hazijakatika. Muuza soda alihesabu, na mlinzi wa mlangoni naye akahesabu. Mwenye ukumbi alimkunjia nyaya zake kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, akamtakia heri, na upole ule ulimuumiza kuliko tusi.

"Nimefukuzwa," alisema alipofika mlangoni kwake. Cherehani iliendelea. "Nimefukuzwa, na wewe ndiye uliyekipitisha." Cherehani iliendelea. Akaenda akamgusa bega kwa nguvu kuliko siku zote.

Mkewe aliondoa mguu kwenye kanyagio, akaingiza kidole sikioni, akachomoa donge la pamba, kisha jingine upande wa pili.

"Umesemaje, mume wangu?"

Tetemeko aliyatazama yale madonge juu ya meza. Yalikuwa yamekaa sana masikioni hata yakashika umbo lake. Aliuliza ni tangu lini, akajibiwa ni tangu spika zilipoingia humu ndani, maana kushona kunataka utulivu.

"Na mkono je?"

"Kwani shida iko wapi? Mabega yako hupanda kabla besi haijashuka." Alilamba uzi, akautunga kwenye sindano. "Jana hayakupanda, nikajua bado."