Mchwa wa Boriti

Saumu alipitisha ufagio wa sufu juu ya boriti ya chumbani, na mchwa wakadondoka kwenye ungo wenye majani makavu. Tangu kuua mdudu yeyote kukatazwe, kila mwenye nyumba huhamisha mchwa wake hadi kwenye magogo ya mtaa.

Ungo ulishikwa na jirani yake Hansa, wa dini ya Kijaini, aliyelelewa kutoua kiumbe hata kabla ya sheria hiyo.

"Shoga, unawafagia au unawabembeleza?"

"Nawaomba radhi. Wameshiba, wasije wakatapika."

Hansa akacheka. "Hawajui kama wanakula nyumba yako."

"Mimi najua. Mama analala chini ya boriti hii."

Hata hivyo Saumu aliridhika na sheria. Nyuki walikuwa wamerudi mtaani, na mipapai ilizaa mpaka mapapai yakagawiwa bure.

Jua lilipozama, nusu ya boriti ilikuwa bado. Gizani hakuna kufagia, maana huoni unachokiponda. Saumu akashuka ngazini, wakafunika ungo.

"Kesho tutaanzia pale kwenye ufa," alisema Hansa.

Chumba kikatulia, na juu yao kukasikika kutafuna, taratibu. Saumu akashika kitanda cha mama upande mmoja, Hansa wa pili, wakakisogeza hadi ukutani.