Sahani Yangu ya Bati

Bhavesh alimwonyesha mamake video mezani. Yeye, mwanamume mzima, alikuwa amepanda ndege hadi Amerika, akalala kifudifudi kwenye ranchi ya watu, apige risasi vinyama vya shimoni vidogo kuliko sungura.

Kimoja kilisimama, mikono miwili kifuani kama kinasali. Kikalipuka. Bhavesh akacheka.

“Mlikila?” mamake akauliza.

“Haviliwi, Mami. Ni mchezo. Mwongozaji anakuonyesha, unapiga.”

Nyumba hii ya Kileleshwa hawali nyama, hata yai haliingii. Mamake alimwondolea sahani yake, akainama chini ya sinki kuchukua ile ya bati, niliyotengewa mimi mfanyakazi kwa sababu nakula nyama.

Niliishika kabla haijafika mezani.

“Hii simpi, Mama. Mimi nikichinja kuku, namla.”