Thamani ya Gari la Mzee Kuwabara

"Gari limerudi kama lilivyokuwa, mzee," Nagase alisema tena.

"Halijarudi," Kuwabara alijibu.

Walikuwa wamechuchumaa nyuma ya gari, Nagase, binti wa bima, akimulika tochi chini ya bampa. Gari lilikuwa jipya lilipogongwa. Kuwabara alikuwa amesimama kwenye taa nyekundu, lori likamjia kwa nyuma. Kosa lote lilikuwa la dereva wa lori, na kampuni yake ya bima, iliyomwajiri Nagase, ililipa matengenezo bila kinyongo. Ilichokataa ni kukiri kwamba gari limeshuka thamani.

"Rangi inang'aa. Milango inafunga. Fundi mwenyewe haoni lilipopigwa!"

"Mnunuzi ataambiwa. Fremu ikishanyooshwa, haifichwi."

"Kwani unaliuza?"

"Siuzi."

"Sasa usipouza umepoteza nini? Mzee wangu, utanifukuzisha kazi."

Majirani walishaanza kumwita mkono wa birika. Mstaafu mzima, mwenye pensheni yake nzuri, anazozana na watoto wa watu tangu joto mpaka theluji, kisa gari! Kuwabara aliyasikia na hayakumuuma. Siku hizi hakuna kilichomuuma. Alikula kwa kuwa saa ya kula imefika, akalala kwa kuwa giza limeingia. Kitu kimoja tu alikitaka, na alikitaka kufa kupona: watu wale waandike kwamba kuna kilichopungua.

Wakaingia ndani. Kama adabu inavyotaka, Nagase alipiga magoti mbele ya madhabahu ya nyumbani ya kuwakumbuka marehemu, akawasha ubani, akainamisha kichwa. Kuwabara akaleta chai. Majani yalizidi, ikawa chungu; binti akainywa hivyohivyo.

Kisha akatoa karatasi mkobani.

"Wakubwa wamekuchoka," alisema, nusu akicheka. "Wamekubali. Hapa wameandika kwamba hata baada ya matengenezo, thamani imepungua. Pesa yenyewe ni kidogo, usinilaumu mimi."

Kuwabara hakutazama pesa. Alisoma ile sentensi, akairudia, kisha akachukua muhuri wake wa sahihi na kuugonga chini ya karatasi. Akangoja moyo utulie. Haukutulia, wala haukuwa umechafuka. Ulikuwa ganzi tu, kama jana.

Nagase alichelewa kuinuka.

"Niwie radhi, mzee, hili si la kazini. Mwezi wa nne nilipokuletea karatasi za fidia ya marehemu mkeo, aliyekufa katika ajali hiyohiyo, uligonga muhuri hata chai haijapoa. Hukuuliza neno. Gari umelipigania miezi yote hii. Kwa nini?"

Kuwabara alifuta wino kwenye muhuri, taratibu, kwa kitambaa.

"Kuhusu mke wangu," alisema, "hamkubisha kwamba nimepoteza."